Bati Lililolegea

"Ukianguka bafuni kule Area D, atakuokota nani?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, Mama Restuta, siku aliposikia kwamba Fahadi anataka kunioa na kunihamishia kwenye nyumba yake ya huko. Alikuwa amechuchumaa uani akichambua mlenda, na wala hakuinua uso. Nilicheka. Nikamwambia, "Mama Restuta, mimi naenda kuolewa, siendi kuanguka bafuni." Akasema, "Haya, mwenzangu," akaendelea na mlenda wake.

Nyumba yetu ya Barabara ya Nane ilikuwa na vyumba vinavyotazamana, ua mmoja, choo kimoja, na wapangaji wa kila dini na kila tabia. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasha jiko kabla ya wote, baada tu ya swala ya alfajiri, kwa sababu ya vitumbua vyangu vya kuuza. Wenzangu hawakuhangaika na viberiti. Walikuja na koleo na vipande vya vigae kuchukua makaa kwangu. Asiyekuja kuchukua moto tulimgongea. Ilikuwa ndiyo desturi ya nyumba, hakuna aliyeiweka. Hata wawili waliogombana jana usiku walikuja kuchukua moto, wakanuniana huku wamesimama kwenye jiko moja.

Mume wangu Bashiri, Mungu amrehemu, alianguka asubuhi moja akivaa shati. Sikuwahi kuliita jina lake mara ya pili, chumba kilikuwa kimeshajaa watu. Huyu amemshika miguu, yule anampepea, mwingine anamtamkisha shahada. Hakupona. Lakini alikufa mikononi mwa watu, na mimi nilianguka nikadakwa.

Sasa usiniulize habari ya raha. Katika nyumba ile nilishindwa hata kulia. Nikilia, mlango wa tatu unauliza, "Anifa, kuna nini?" Nikikaanga samaki, kila mtu anajua nimemnunua kwa nani. Na Fahadi alipoanza kuja barazani kununua vitumbua, akawa anachelewa kuondoka, tulishindwa hata kunong'ona. Tukinong'ona, ukuta unakohoa.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Wakati ule kila aliyepata chochote alikuwa anajenga, na biashara yake ilikuwa inakwenda. Alikuja Dodoma kutoka Dar es Salaam, mkewe akafia huku kwa homa. Hayo ndiyo yaliyojulikana. Alikuwa na macho ya mtu anayesubiri kujibiwa. Akinitazama nilikuwa nasahau kugeuza vitumbua, na wateja wakawa wanalalamika kwamba siku hizi vinaungua upande mmoja.

Niliswali istikhara, Mungu anionyeshe njia. Sikuota ndoto yoyote, lakini moyo ulikuwa unaelekea kwenye ndiyo. Niseme kweli, ulikuwa umeshafika.

Kaka yangu Abdulnasiri, ambaye ndiye walii wangu wa kuniozesha, hakumpenda sana mtu ambaye ukoo wake haujui. "Nendeni mkaione nyumba kwanza," alisema. "Nenda na Jaha. Jioni unipe neno moja tu, ndiyo au hapana. Wazee wake wanakuja kesho na posa, na mimi sitaki kumkalisha mtu mkekani kwa maneno mengi."

Basi tukaenda, mimi na dada yangu Jaha, saa za asubuhi, jua bado halijakasirika.

Tuliposhuka garini barabarani, tulitembea. Tulitembea sana. Kule viwanja vimepimwa kwa kamba, mawe ya mpaka yamesimama kama watu waliopanga foleni, na nyumba moja iko hapa, nyingine iko ng'ambo kule, katikati ni miiba, vumbi jekundu na mbuzi wa mtu asiyeonekana. Upepo ulikuwa unavuma kama kawaida yake. Njia nzima hatukukutana na mtu wa kutupa salamu.

"Haya ndiyo maisha," Jaha alisema, anahema, kanga imemshuka mabegani. "Kwetu ukipiga chafya, nyumba ya tatu wanakujibu yarhamukallah. Hapa unapiga chafya mpaka unachoka."

"Huogopi?"

"Niogope nini? Mimi nimezaa watoto watano nyuma ya pazia, mdogo wangu. Niogope nafasi?"

Nyumba ya Fahadi ilikuwa nzuri. Siwezi kuidhulumu. Ukuta mrefu kuizunguka, geti la chuma, sakafu inayong'aa, jiko lina bomba ndani yake. Jaha alifungua lile bomba akalifunga, akalifungua tena.

"Anifa! Njoo uone! Maji yanakuja yenyewe kama mgeni aliyealikwa!"

Fahadi alicheka. Alikuwa amevaa kanzu iliyonyooka, na mikono yake haikujua ikae wapi. "Karibu, Bi Jaha. Karibu, Bi Anifa. Jisikieni mpo kwenu."

Tukazunguka nyumba. Mlango wa uani ulikuwa mpya, wa mbao ya mninga, lakini fremu yake ilikuwa ya zamani. Nikaona kwenye ile fremu, upande wa nje, matundu ya misumari mikubwa yaliyozibwa kwa rangi. Palikuwa na komeo hapo. Nikajiuliza, komeo la kwa nje, la nini? Mtu hufunga mlango wa uani akiwa ndani.

"Mlango huu umebadilishwa," nilisema.

"Ule wa kwanza ulikuwa wa bati," Fahadi alijibu. "Ulichakaa."

Nilirudi naye sebuleni, mlango wa mbele tumeuacha wazi kama inavyopasa, Jaha akabaki uani anachezea bomba lingine la kumwagilia bustani. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuzungumza bila ukuta kukohoa. Moyo ulinidunda nikaona aibu, mwanamke mzima, mjane.

"Umenyamaza," aliniambia.

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Hakuna kitu. Ndicho ninachosikiliza."

Akatabasamu. "Mimi nimezaliwa Kariakoo, Anifa. Chumba kimoja, familia nzima, na pazia. Baba wa chumba cha pili akigeuka kitandani, sisi tunaamka. Nilioa nikiwa humo humo. Mke wangu akinikasirikia, asubuhi muuza kahawa ananipa pole. Nikaapa, nikipata uwezo nitajenga mahali ambapo nikitoka nje nitasikia nyayo zangu mwenyewe. Dodoma ikanipa. Huu ni mji wa kupumua."

"Na Bi Mwanaidi alipapenda?"

Mwanaidi lilikuwa jina la marehemu mkewe. Aliangalia sakafu.

"Mwanaidi alikuwa mtu wa watu," alisema. "Kimya kilimsumbua. Wewe ni tofauti. Nimekutazama miezi yote hii pale barazani. Watu wanapiga kelele, wewe umetulia kwenye jiko lako kama uko peke yako duniani. Nikasema, yule ndiye."

Maneno hayo yaliniingia. Hakuna mtu aliyekuwa ameniona hivyo, hata Bashiri. Nilitazama vidole vyake vilivyokuwa karibu na vyangu juu ya meza, na kama Jaha asingekuwa uani, Mungu anisamehe, sijui.

"Mbukwenyi! Hodi, wenyewe!"

Salamu hiyo ya Kigogo ilitoka getini. Aliingia mwanamume mfupi, mkakamavu, suruali imekunjwa, udongo miguuni. Jaha alimleta mpaka mlangoni huku anacheka naye.

"Huyu ni Gerson," Fahadi alisema, akasimama. "Jirani yangu. Analima zabibu."

"Nimeona kanga zinaingia getini nikasema leo kwa Bwana Fahadi kuna watu," alisema Gerson. "Nimepita mbio tu. Ndiye shemeji mwenyewe?"

"Ndiye, tukijaliwa," Jaha aliwahi.

"Karibu sana, mama. Nyumba yangu ni ile pale, yenye mfereji wa maji mbele yake."

Jaha alitazama kule alikoonyeshwa, akaweka mkono juu ya macho. "Jirani gani huyo, baba, mpaka aitwe kwa baragumu?"

Gerson alicheka mpaka akashika kiuno. "Si mbali, mama! Kwetu Buigiri nyumba zimeachana hivi hivi, lakini hakuna kuta. Mtu akipiga yowe unajua ni nani na ana shida gani. Hapa watu wamejenga kuta, ndiyo tofauti. Ila kusikia tunasikia. Upepo unaleta. Mwaka ule wa mvua kubwa, bati la Bwana Fahadi lililegea. Eeh! Liligonga hilo, mchana na usiku. Ba, ba, ba. Linanyamaza, linaanza tena. Mke wangu Lydia akawa anasema, Gerson, bati la watu litang'oka. Nikamwambia, wenyewe wako Dar, reli imekatwa na maji, na geti limefungwa, nitafanyaje? Kisha likanyamaza lenyewe. Aliporudi nilimkimbilia, nikamwambia, ndugu yangu, paa lako limelegea, ligongelee kabla halijaua mtu." Akampiga Fahadi begani. "Akaligongelea. Ni mtu wa kazi huyu. Hata kupanda sikumwona akipanda."

Fahadi alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile lilibaki usoni muda mrefu kuliko lilivyotakiwa.

"Ngoja niwaletee maziwa wageni," alisema Gerson. "Shemeji hawezi kuondoka kwetu na kinywa kikavu. Narudi sasa hivi."

Akaenda. Jaha akarudi kwenye bomba lake. Nilimsikia akiimba.

Mimi niliangalia juu. Dari ilikuwa nzima, imepigwa vizuri. Nikatoka mlangoni nikaangalia paa. Mabati yote yalikuwa ya umri mmoja, yamelala kimya, hayana kiraka wala msumari mpya, na upepo ulikuwa unapita juu yake kwa nguvu zake zote. Hakuna hata moja lililotikisika.

Nikarudi nikakaa.

"Bwana Fahadi," nilisema. "Paa hili halijawahi kulegea."

Aligeuka akalitazama geti.

"Lililokuwa linagonga ni mlango wa uani."

"Anifa."

"Alikuwa ndani?"

Alikaa chini taratibu, kama mzee. Nilidhani atakana. Ningependa angekana, maana nilikuwa tayari kumwamini.

"Alikuwa anatoka," alisema. "Kila nikisafiri kufuata mali, anaiacha nyumba wazi, anatembea kwa miguu mpaka sokoni. Haendi kununua kitu. Anakaa tu, anatazama watu. Nikamsihi. Wezi wakaingia, wakabeba kila kitu. Nikamsihi tena. Mara nyingine watu walimwokota korongoni amezimia kwa jua. Niliogopa, Anifa. Unaelewa? Nilifunga kwa kuogopa. Nilimwachia chakula, nikamwachia maji, nikaweka komeo. Nilijua nakwenda Dar na kurudi."

"Na reli ikakatika."

"Ikakatika. Na barabara nazo hazikupitika. Nilikaa Kariakoo kwa ndugu zangu, tumebanana watu wote wale, kelele usiku kucha, nami namfikiria huku. Sikuwa na mtu wa kumpigia simu. Ningempigia nani? Sikujua hata jina la huyu Gerson. Tulikuwa tumeishi hapa zaidi ya mwaka, sikujua jina lake."

"Homa ikamkuta ndani."

"Ilikuwa homa kweli. Sikumwambia mtu uongo."

"Ulimkuta wapi?"

Alifunga macho. "Mlangoni."

Uani Jaha alikuwa bado anaimba. Nilitaja jina la Mungu moyoni, nikalitaja tena, na nilipofumbua macho nilimwona Fahadi analia kimya kimya bila kujifuta. Nitasema lililokuwemo moyoni mwangu. Sikumchukia. Nilimwona mtu aliyebeba maiti mgongoni miaka yote hii hana wa kumpokea. Mkono wangu ulitoka mapajani wenyewe ukaenda mezani, ukakaribia wake.

"Na Gerson alipokukimbilia na habari za bati?"

"Nilimwambia nitaligongelea. Ningemwambia nini? Kwamba lile alilolisikia yeye na mkewe wakiwa wamelala kitandani lilikuwa mtu? Angeishije?"

"Labda ulimhurumia."

"Nilimhurumia."

"Labda ulijihurumia wewe."

Alijifuta uso. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya upole niliyoipenda, "Hayo yamekwisha, Anifa. Wewe si kama yeye. Wewe umetulia. Wewe hutanipa sababu ya kufunga mlango."

Mkono wangu ukasimama pale pale ulipofika.

Aliyasema kama mtu anayetoa zawadi. Ndiyo maana yalinitisha. Nilimtazama, naye alikuwa ananitazama kwa mapenzi, mapenzi ya kweli kabisa, hayo siwezi kuyakana hata leo. Nikajiona nimekaa katika nyumba ile, naumwa, au nimechoka na kimya, au nimetamani tu kwenda kutazama watu sokoni. Nikajiona nampa sababu.

"Fahadi," nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, bila bwana wala kaka. "Gerson anarudi na maziwa. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba halikuwa bati. Mwambie mbele yangu."

"Anifa, kwa nini? Imfae nini?"

"Inifae mimi. Nikija kukaa hapa, jirani yangu akisikia kitu kinagonga ndani ya ukuta huu, nataka ajue ni mtu. Sikutumi ukahukumiwe. Nataka mtu mmoja tu mtaa mzima ajue ni mtu. Ukimwambia, jioni nampa kaka yangu neno la ndiyo. Wallahi nampa. Nitakusaidia kulibeba lililobaki."

Alifikiri. Nilimwona anafikiri. Nilimwombea. Sijawahi kumwombea mtu hivyo, hata Bashiri akiwa chini pale na shati lake nusu.

"Nitamwambia," alisema. "Haki ya Mungu, nitamwambia."

Akaufunika mkono wangu kwa mkono wake. Ulikuwa wa moto. Nikauacha hapo.

Gerson alirudi akitembea haraka, kopo la maziwa mkononi, limefunikwa kwa jani. Jaha alimfuata nyuma, miguu imelowa, uso umefurahi. Nilitoa mkono wangu.

"Haya, shemeji," Gerson alisema, akiniinamia. "Ya asubuhi hii. Lydia anakusalimu sana, amesema ukihamia aje akufundishe kupika mlenda wetu, si ule wa mjini. Na mimi nimemwambia, safari hii nyumba ikipata mama, hatutakaa kama wageni. Bati likilegea tena msihangaike. Ngazi ninayo. Nitapanda mwenyewe."

Fahadi alisimama. Alifungua mdomo. Gerson alimtazama akisubiri, uso umefunguka, hana habari ya chochote. Nikamtazama Fahadi, naye akanitazama, macho yake yale yale ya mtu anayesubiri kujibiwa, yanaomba, yananiomba mimi.

"Halitalegea tena, Gerson," alisema. "Nililipiga misumari mirefu."

"Haa! Basi vizuri," alisema Gerson, akaweka kopo mezani.

"Anifa," Jaha alisema, akikamua pindo la kanga yake, "bomba la uani lina nguvu kuliko la jikoni. Tumwambie kaka nini?"

Fahadi alikuwa bado ananitazama. Nilijua kwamba nikikaa dakika moja zaidi nitamsamehe, na nikimsamehe nitahamia.

Nilijitanda mtandio wangu vizuri. Nikavaa viatu vyangu mlangoni, nikapita getini, nikaenda zangu bila kusema neno jingine.